Mpinzani Mtiifu

Katika video za kufundisha ufunguzi wa sataranji kuna neno moja linalokuja mapema, mara nyingi kabla ya dakika ya tano. Mwalimu amekwisha kusogeza kete tatu nne, ameeleza kwa nini askofu asimame hapa wala si pale, kisha anavuta pumzi na kusema: tuseme mweusi anacheza hivi. Yeye hulisema kwa Kiingereza, maana karibu video zote tunazotazama klabuni kwetu ni za Kiingereza, lakini tunaposimuliana juu ya ubao neno letu ni hilo, tuseme. Nataka kulisoma polepole, kama mhakiki anavyosoma mshororo, kwa sababu naamini umbo zima la video hizi limejengwa juu yake.

Tuseme nani na nani? Mwalimu na mwanafunzi, wawili walioketi upande mmoja wa ubao. Mwenye kete nyeusi hakuitwa kwenye kikao hicho, ingawa hatua inayoamuliwa ni yake. Sarufi yetu inalianika jambo hili kuliko Kiingereza. Mwenzangu akinisimulia video aliyoitazama jana, viambishi vinajipanga vyenyewe: tunatoa farasi, tunampeleka askofu c4, akila tunakula, akirudi tunamfuata. Tu- ni sisi wenye nia. A- ni yeye, na karibu kila mara a- hiyo imefuatwa na -ki-. Hatendi, anawaziwa akitenda. Na ikitajwa hatua isiyofaa kwenye hadithi, -ki- inaondoka na -nge- inaingia: angecheza h6, tungekuwa na nafasi nzuri. Hapo hatua ya mpinzani imetolewa miongoni mwa mambo yanayoweza kutokea ikawekwa pamoja na yasiyotokea. Mwalimu huiacha huko na kuendelea.

Jumamosi moja h6 hiyo hiyo ilichezwa dhidi yangu. Nilikuwa nimekaa miezi miwili na ufunguzi wa Kiitaliano: askari wa mfalme e4, farasi f3, askofu c4 akilenga f7, mraba wa mweusi unaolindwa na mfalme wake peke yake. Nilizijua njia mbili za mweusi hadi hatua ya kumi na mbili. Mzee niliyecheza naye, kwa hatua yake ya tatu, alimsogeza askari wa pembeni mraba mmoja akanyanyua kikombe chake cha chai. Si hatua kubwa. Inapoteza muda, haileti kete yoyote uwanjani, na askari mmoja wa d4 angetosha kuanza kuiadhibu. Lakini mimi nilikaa dakika kumi na moja nikiitazama, na kilichonishinda ni kwamba katika saa zote zile za mafunzo sikuwahi kumsikia mweusi akisema neno lake mwenyewe. Nilipoteza mchezo ule, na niliporudi nyumbani nilizifungua tena video zilezile, safari hii nikiangalia namna zilivyoundwa.

Mwalimu ana sababu ya haki ya kukata. Mweupe ana hatua 20 za kuanzia na mweusi ana majibu 20. Kila mmoja akisogeza mara moja tu kuna michezo 400, na kila mmoja akisogeza mara mbili njia zimefika 197,281. Nyingi ni za ovyo, lakini zinatosha kuonyesha kwamba ufunguzi ni mti, tena mti wenye matawi kuanzia chini kabisa ya shina. Video haiwezi kuwa mti. Video ni muda, na muda hupita kwa mstari mmoja. Kitabu kilikuwa na nafasi kidogo ya kujitetea: Modern Chess Openings, kilichotoka mara ya kwanza Uingereza mwaka 1911, kilipanga njia kwa safu wima, kikarundika tanbihi chini ya ukurasa, na jicho la msomaji liliweza kuruka kutoka safu moja hadi nyingine bila kuomba ruhusa ya mtu. Sauti ya mwalimu hairukwi hivyo. Ikishasema tuseme, tawi moja limebaki na mengine yamekatwa, na anayesikiliza haoni hata visiki vyake.

Ila si kweli kwamba video ndiyo iliyomzua mpinzani huyu mtiifu. Ana miaka mia nne. Gioachino Greco, mzaliwa wa Calabria kusini mwa Italia, miaka ya 1620 alikuwa akiandika kwa mkono miswada ya michezo mifupi na kuwapa wafadhili wake, akipita Paris na London. Mwaka 1656, yeye akiwa amekwisha kufa, michezo yake ilichapishwa London. Mingi kati ya hiyo huenda haikuchezwa na watu wawili kamwe. Ni michezo ya kutunga, na mtunzi ni mmoja. Umaarufu wake mkubwa uko katika ufunguzi huo huo wa Kiitaliano. Mweupe anajenga katikati kwa askari wawili, anaachia askari wa e4 aliwe, anamkinga mfalme wake, kisha anatazama mweusi akila: farasi wa c3, askari wa c3. Katika hatua ya kumi malkia mweupe anatoka hadi b3, na askofu mweusi, ambaye bado ana njaa, anakwenda hadi kona ya a1 kula ngome. Hapo ndipo mlango unapofungwa. Askofu mweupe anapiga f7 kwa cheki, wa pili anakuja g5, farasi anaingia e5, na hatua chache baadaye mfalme mweusi hana pa kukimbilia.

Ni utunzi mzuri, na nausifu bila kusita. Kila mlo wa mweusi ni hatua moja kuelekea kifo chake, na kasi yake ni ya hadithi ya mlafi tuliyosimuliwa utotoni. Lakini angalia nani anayebeba hadithi. Ni mweusi. Mweupe anacheza hatua za kawaida kwa mtu aliyejipanga. Anayeufanya mchezo upendeze ni yule anayekubali kula hadi mwisho. Greco alimhitaji mhusika mwenye tamaa na asiye na macho, akamwandika. Video nyingi za mitego ninazozijua zimemrithi mhusika huyo mzima mzima, zikamwongezea rangi: mshale wa kijani kwa hatua zetu, mwekundu kwa makosa yake, na ubao uliogeuzwa daima upande wetu, ili kete zake zionekane kwa mbali, juu ya skrini, kama kundi linalotujia.

Umbo hilo limekwenda mbali zaidi ya kutufundisha; linatuchagulia hata ufunguzi wa kucheza. Mfano wake ni mfumo wa London, uliopata jina kutokana na mashindano ya mwaka 1922 katika jiji hilo, yale aliyoshinda Capablanca. Askari d4, askofu f4, kisha e3, c3, farasi wawili mahali pao palepale, karibu bila kujali mweusi anafanya nini. Nadhani hakuna ufunguzi unaokaa vizuri zaidi ndani ya video ya dakika ishirini, kwa sababu ni mstari unaojifanya mti. Jambo hili nalo ni la kale. Katika sataranji ya Waarabu, ambako askari hawakuruhusiwa kuruka miraba miwili mwanzoni, wachezaji walipanga kwanza majeshi yao katika sura maalumu waliyoiita taabiya, mpangilio wa vita, ndipo mapambano yaanze. (Neno hilo halina undugu na tabia yetu, ingawa masikioni yanakaribiana.) London ni taabiya iliyorudi. Sisemi ni ufunguzi mbaya: Ding Liren aliutumia Astana mwaka 2023 kumshinda Ian Nepomniachtchi katika mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa dunia. Lakini Ding alikuwa na mtu mbele yake, na alichoshinda nacho kilipatikana baada ya ufunguzi kwisha, wakati kila mmoja alipokuwa akimjibu mwenzake.

Kujibu ndiko ninakokutafuta. Sisi tuna jadi ya ushairi wa kujibizana, na Muyaka wa Mombasa aliposhindana kwa tungo na Zahidi Mngumi wa Lamu, hadhi ya shairi ilitegemea shairi lililotoka ng'ambo. Jibu lilipaswa kuchukua silaha ya aliyeanza na kumgeuzia. Mtu anayehifadhi beti za upande mmoja tu amehifadhi nusu ya mazungumzo, hata kama beti zenyewe ni tamu.

Zipo video ambazo mpinzani ana ulimi. Mihadhara ya Saint Louis Chess Club huko Marekani, klabu iliyofunguliwa mwaka 2008, imerekodiwa mbele ya watu. Yasser Seirawan, aliyekuwa bingwa wa Marekani mara nne, anasimama kando ya ubao na kuuliza chumba: ninyi mngecheza nini? Mtu anataja hatua mbaya. Hatua hiyo mbaya inachezwa, inasikilizwa, inajibiwa kwa heshima. Kwangu hiyo ni thamani ya kiumbo kabla ya kuwa ya kielimu: sauti ya pili imeingia, na tawi lililokuwa likatwe kimyakimya linakatwa mbele ya macho yetu, kwa sababu tunayoisikia.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Daniel Naroditsky, Mmarekani aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 29. Katika mifululizo yake mirefu alianza na akaunti ya kiwango cha chini, akapanda ngazi kwa ngazi akicheza na watu asiowajua, huku akiwaza kwa sauti. Mpangilio wake unapindua ule wa Greco. Kwanza unakuja mchezo, pamoja na h6 zake zote na saa inayokimbia. Nadharia inafuata mchezo ukiisha, pale anaporudi nyuma, kusimama kwenye hatua ya nne au ya tano na kufungua matawi ambayo mpinzani hakuyapita. Ufunguzi unafika kwa mtazamaji ukiwa jibu la swali ambalo limekwisha kumwuma. Upungufu upo hata hapa, na hauwezi kuondolewa: mwalimu ni grandimasta, mkono wake ungeokoa karibu nafasi yoyote, hivyo mtazamaji hajui ni kipi kilichoshinda, ufunguzi au mkono. Bado, ndizo video pekee ambazo nikizitazama najikuta nikimwonea huruma mweusi, nikitaka kujua aliwaza nini.

Siku hizi mimi na mwenzangu mmoja hutazama na ubao wa mbao mezani. Neno tuseme likitoka tunasimamisha video, na mmoja wetu anahama kiti. Wiki iliyopita zamu ya kuhama ilikuwa yangu na mchezo ulikuwa ule wa Greco. Nilikaa upande wa mweusi, hatua ya kumi, malkia mweupe akiwa b3, ngome ya a1 ikinisubiri konani. Nilikuwa nimeutazama mchezo huo mara nyingi mno, na kwa mara ya kwanza niliona, karibu kabisa na mkono wangu, askari wa d7. Hajaguswa tangu mchezo uanze. Mbele yake kuna miraba miwili mitupu, na akiivuka kwa mruko mmoja atasimama d5, katikati ya njia ya askofu yule anayeitazama f7.