Safari ya Aisha

Msomaji kijana, riwaya ya The House of Rust, iliyotolewa mwaka 2021, ni kazi ya Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa. Humo Aisha, binti wa mvuvi, aingia baharini kwa mashua ya mifupa kumtafuta babaye aliyepotea. Mwongozi wake ni paka asemaye. Amkabili Baba wa Papa, na babaye aokoka.

Wasimulizi wengi wangalimalizia hapo. Bajaber amrudisha Aisha nyumbani Mombasa, anakotazamiwa aolewe atulie. Wako watakaoiona sehemu hii kuwa nzito, yaenda polepole. Mimi naiona ndiyo kiini cha kitabu: aliyekwisha kuijua bahari hatoshelezwi tena na ua wa nyumba. Kisome, kisha uamue: safari ilimkomaza alipokwenda, au aliporudi?