Vitundu kwenye Dari

Kupaka dari ni kazi inayoumiza kuliko kupaka ukuta. Shingo umeikunja nyuma, mkono uko juu muda wote, rangi inakutiririkia hadi kiwikoni. Na ukishamaliza, wageni wengi wataingia na kutoka bila kuinua macho. Naiheshimu sana kazi hii, na dari ninazozienzi kuliko zote ni za Red House, huko Bexleyheath, kusini-mashariki mwa London.

Nyumba hiyo ilibuniwa mwaka 1859 na msanifu Philip Webb kwa ajili ya rafiki yake William Morris, aliyekuwa ameoa mwaka huohuo. Bidhaa za viwandani zilikuwa zimejaa madukani, lakini hazikumridhisha Morris. Basi nyumba ikapambwa kwa mikono ya wenyewe na ya marafiki waliokuja kuwatembelea, akiwamo mchoraji Edward Burne-Jones.

Siri ya dari hizo iko kwenye lipu. Ikiwa bado mbichi, ilitobolewa vitundu vidogo vidogo, safu kwa safu, kufuata mkondo wa nakshi. Hapo fundi hana muda wa kusitasita, kwa sababu lipu haingoji. Ikishakauka, mpaka rangi huenda taratibu kutoka kitundu hadi kitundu, kama mshona kofia afuatavyo mchoro uliopigwa kwenye kitambaa. Nakshi zenyewe si za kutisha: ni maumbo mepesi yanayojirudia. Hadi leo ukizikaribia, vitundu unaviona.

Nyumba za karne ile zilipashwa joto kwa makaa ya mawe na kumulikwa kwa mishumaa na taa. Masizi yalipanda juu, na rangi ya dari ilihitaji kurudiwa mara kwa mara. Dari yenye vitundu haimhitaji bingwa aliyeichora mwanzo. Mwenye mkono mtulivu yeyote anaweza kuirudishia uhai wake.

Morris alihama mwaka 1865, baada ya kuishi humo miaka mitano tu, na nyumba ikapitia mikono ya wengine. Tumezoea kumsifu fundi kwa kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuiiga. Mimi namsifu zaidi aliyesimama chini ya lipu mbichi akamfikiria mpaka rangi asiyemjua, kisha akamwekea alama za kufuata.