Povu si jibu

Karibu kila aliyesoma kemia sekondari analikumbuka jaribio hili: mwalimu anamimina asidi haidrokloriki, povu linapanda, darasa linashangilia. Kisha ubaoni inaandikwa kwamba metali ikikutana na asidi hutoa chumvi na gesi ya haidrojeni. Kipindi kimeisha. Kanuni yenyewe haina kosa. Ninacholalamikia ni kwamba somo linaishia pale lilipotakiwa kuanza.

Chukua vitu vya kawaida tu vya soko la Katesh au Dongobesh: kipande cha bati lenye zinki, waya wa shaba, kipande cha sufuria ya alumini na bonge la magadi. Kwenye asidi iliyozimuliwa, zinki inatoa povu mara moja. Shaba inatulia, haina nguvu ya kuiondoa haidrojeni kwenye asidi hiyo. Alumini ndiyo inayowaumbua waliokariri: kwenye orodha ya metali iko juu ya zinki, lakini mwanzoni inakaa kimya. Kumbe imevaa utando mwembamba sana wa oksaidi. Asidi ikishautoboa, povu linakuja kwa kasi na chombo kinapata joto. Aliyekariri alishasema jaribio limeharibika!

Magadi nayo yanatoa povu jingi, ila hiyo si haidrojeni. Ni kabonidayoksaidi kutoka kwenye kaboneti. Njiti inayowaka inazimika, wakati haidrojeni ingelia "pa!". Macho yanaona povu lile lile, kumbe gesi ni mbili.

Sasa tatizo kubwa. Magadi ya Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania mara nyingi yana floraidi. Hiyo, pamoja na ile ya kwenye maji, ndiyo inayowaachia watoto wetu meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Povu halikuambii lolote kuhusu hilo. Floraidi inahitaji kipimo chake. Na tafadhali usijaribu nyumbani: floraidi ikikutana na asidi hutoa asidi nyingine hatari.

Kwa hiyo mwalimu, kabla ya kufuta ubao, uliza maswali matatu. Ni gesi gani? Imetoka kwenye kitu gani? Na jaribio hili haliwezi kutuambia nini? La tatu huwa tunaliruka, na kwa mtoto wa Hanang ndilo linalogusa meno yake.