Tovuti iliyowazika watu wangali hai

Wandugu, kuna filme moja ambayo watu walianza kuiogopa mbele ya kuiona. Ni The Blair Witch Project ya 1999, ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez. Tovuti yake ilitengenezwa na Sánchez mwenyewe, mwaka mmoja mbele. Ukiifungua, hapana sura ya staa, hapana "njooni muone". Unakuta dosie: historia ya mchawi wa msitu tangu karne ya 18, picha za polisi, kurasa za daftari la Heather, na habari ya wanafunzi watatu wa sinema walioingia msituni kule Maryland, Marekani, mwezi wa kumi 1994, hawakurudi. Eti kanda zao ndizo zilipatikana mwaka uliofuata.

Hapo ndipo akili yake iko. Filme yenyewe inajifanya ushahidi: kamera inatikisika, na mchawi haonekani hata mara moja. Tovuti ikafanya vile vile. Haikusifu filme, ilikupa kazi ya kupekua. Unafungua picha moja, unafungua ingine, unakuwa inspekta, kumbe unajitisha mwenyewe. Na intaneti ya wakati ule, yenye picha za kushuka polepole, ilisaidia sana.

Linganisha na tovuti ya Space Jam ya 1996, ambayo hata leo bado inafunguka: nyota, sayari zinazozunguka jina la filme, rangi kama bonbon. Unabonyeza, unacheka, unatoka. Ni katuni na basketi, inasema hivyo wazi, haikuombi uamini kitu.

Blair Witch iliomba. Na ilipata: kampuni ya Artisan iliinunua Sundance kwa kama dola milioni 1.1, ikaingiza karibu milioni 250 duniani.

Lakini wanaoisifu wanaruka jambo moja. Wale watatu walicheza na majina yao halisi: Heather Donahue, Joshua Leonard, Michael C. Williams. Kwenye IMDb wakaandikwa kuwa wamepotea, wanadhaniwa wamekufa. Mama ya Heather akapokea kadi za pole. Yaani binti yuko hai, anakula, na watu wanampa mama yake rambirambi! Mwaka wa 2024, miaka 25 baadaye, waigizaji hao walikuwa bado wanadai malipo mbele ya watu wote.

Huku kwetu habari ya mtu aliyepotea inapita WhatsApp na picha yake na numero ya mzazi. Kwa hiyo siwezi kusoma dosie ile kama mchezo tu. Na majina ya kutunga yangetosha kabisa. Msitu ungebaki msitu, daftari lingetisha vile vile.

Kwangu mimi, aliyefanya vizuri zaidi ni Neill Blomkamp na District 9 ya 2009. Tovuti yake ilimuuliza mgeni, mbele ya yote, kama yeye ni binadamu au si binadamu, na barabarani kukawekwa mabango ya "binadamu tu". Kila mtu anajua Johannesburg hakuna viumbe wa anga. Lakini katika mji ambao mabenchi yaliwahi kuandikwa "wazungu tu", unabonyeza jibu lako na kidole kinasita.