Utungaji wa Papo kwa Papo: Funzo la "Giant Steps" kwa Mhakiki

Katika uhakiki wa fasihi simulizi, istilahi "papo kwa papo" hutumiwa kana kwamba inajieleza yenyewe. Malenga au manju husemekana kutunga papo kwa papo, na mhakiki akishasema hivyo huhesabu kwamba amemaliza kazi. Hatari ya istilahi hii ni kuwa huificha jasho ya msanii: ustadi uliotafutwa kwa miaka mingi hugeuzwa kuwa kipawa cha kuzaliwa nacho, au hata cha damu. Muziki wa jazi wa Wamarekani Weusi umedhulumiwa sana na dhana hiyo. Kwa kuwa santuri zimehifadhi utungaji huo jinsi ulivyotokea, jazi yafaa kutumiwa kuipima istilahi yenyewe.

Mfano ulio wazi ni "Giant Steps" ya John Coltrane, iliyorekodiwa New York mwezi Mei 1959. Mzunguko wake una vipimo 16 tu, lakini hupita katika funguo tatu, B, G na E-flati, zilizopangwa kwa umbali ulio sawa hata zikaigawa oktava mafungu matatu. Sauti zinazopigwa pamoja kuwa msingi wa wimbo hubadilika kila baada ya mapigo mawili katika sehemu kubwa ya mzunguko. Kwa mwendo wa santuri ile, mapigo mawili hayafikii nusu sekunde. Mpigaji hana nafasi ya kufikiri ufunguo unaofuata. Sharti awe ameshausikia kabla haujafika.

Coltrane anapita humo kwa saksafoni bila kukwama. Sikio likitulia, hata hivyo, litatambua kwamba kishazi kimoja kinajirudia mara nyingi: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano ya ngazi, zikihamishwa toka ufunguo hadi ufunguo. Katika majaribio aliyorekodi mapema mwaka uo huo, vishazi vya namna hiyo vimo pia. Ni dhahiri kwamba alikuja na akiba. Je, hilo lapunguza utungaji wake? Albert Lord alikwisha kuonyesha mwaka 1960 kwamba mwimbaji wa tendi hutunga kwa kutumia mafungu ya maneno yaliyozoeleka. Naye Thomas Owens, katika tasnifu yake ya 1974, alibainisha vishazi takriban 100 ambavyo Charlie Parker alivitumia tena na tena. Upya haumo katika kila kishazi. Umo katika kuchagua, kuunga na kuweka mahali pake. Kwa kipimo hicho, Coltrane anasifika kwa mshikamano wa mkondo wake, ingawa haki yataka isemwe pia kwamba marudio ya kishazi kile huuchosha usikivu pale mwendo unapomnyima nafasi ya kuunda sentensi ndefu zaidi.

Tommy Flanagan, mpiga piano, ndiye anayetupa funzo kubwa zaidi. Zamu yake inaanza kwa vishazi vilivyokatika, kisha mkondo unamponyoka, na mwishowe anashikilia zile sauti za msingi tu. Wako waliomhesabu kuwa ameshindwa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Flanagan alikuwa na umri wa miaka 29, fundi aliyekwisha kushiriki katika "Saxophone Colossus" ya Sonny Rollins mwaka 1956. Mikono yake haikuwa na upungufu. Ila sikio lake halijapata kuuzoea mpangilio ule kwa mwendo ule, na Coltrane alikuwa ameukalia kwa muda mrefu. Mwaka 1982 Flanagan aliurudia wimbo huo katika santuri ya kumkumbuka Coltrane, na safari hii anautembea kama mtu aliye nyumbani kwake.

Tofauti ya Flanagan wa 1959 na wa 1982 ndiyo maana halisi ya kuzoeza sikio. Mwanafunzi huimba sauti za chini za wimbo hata azijue bila chombo. Huiga santuri kwa kusikia badala ya kusoma. Huhamisha kishazi kimoja katika funguo zote 12. Anayenakili vishazi vya Coltrane kutoka karatasini peke yake hupata vidole vyepesi na sikio kiziwi. Hali yake ni ya mtu aliyekariri kanuni za vina na mizani, lakini akitupiwa ubeti katika malumbano hana la kujibu.

Yafaa basi mhakiki wa fasihi simulizi asiridhike na neno "papo". Utungaji huu una nyakati mbili: wakati mrefu wa kuweka akiba, usioonekana na hadhira, na wakati mfupi wa kuitoa. Anayeuona wa pili pekee atamsifu malenga kwa muujiza ambao hakuutenda, na kumnyima sifa ya kazi aliyoifanya. Vilevile atamlaumu aliyekwama bila kuuliza kwanza alipewa muda gani wa kusikia.