Kama Walt Angenyamaza

Ukitajwa mchezo wa "ingekuwaje kama" kuhusu studio ya Walt Disney, swali huwa lilelile: ingekuwaje kama mzee asingefariki Desemba 1966? Jamani, mimi limenichosha. Linatufundisha kwamba studio ni mtu mmoja, na wale mamia waliokuwa wakichora ni mikono yake tu.

Hebu turudi Mei 1941. Snow White ya 1937 ilileta fedha nyingi, lakini Pinocchio na Fantasia za 1940 zilikula hasara, maana vita vilikuwa vimefunga soko la Ulaya. Wachora katuni wananung'unikia mishahara. Art Babbitt, aliyempa Goofy mwendo wake na tabia yake, anafukuzwa kwa sababu ya chama cha wafanyakazi. Kesho yake mgomo unaanza.

Tuseme Walt angemwita Babbitt wakae wazungumze. Pengine Bill Tytla, aliyemchora Dumbo, asingeondoka 1943. Hapo wengi wangeshangilia. Mimi nasita. John Hubley na wenzake waliotoka Disney ndio walioipa UPA sura yake: mistari michache, rangi zisizo na vivuli, mpaka Gerald McBoing-Boing ikashinda Oscar. Wangebaki kwa Walt, wangethubutu? Sidhani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walt hakuziba, na waliojenga wakawa wengine, nyumba yao wenyewe.

Kwa hiyo mgomo nauacha kama ulivyo. Mwaka ambao ningeubadilisha ni 1947. Walt alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akadai ndio waliouchochea mgomo, na akataja majina. Mmoja alikuwa David Hilberman, mchoraji aliyegoma, kisha akashiriki kuianzisha UPA. Miaka 5 baadaye, msako ukiwa umepamba moto, Hubley naye akasukumwa nje ya UPA.

Najua, kunyamaza kwa mtu mmoja kusingeuzima msako ule. Tena katika historia yangu hii hakuna filamu hata moja ya Disney ambayo ingebadilika. Ndiyo maana hakuna anayeiandika. Tunapenda kuota filamu ambazo hazikutengenezwa, tunasahau watu waliokuwepo kweli wakanyang'anywa riziki.

Wewe je, ungebadilisha mwaka gani? Kabla hujajibu, jiulize unamwokoa nani.