Kamati inayosoma kila kanuni mara mbili

Mwaka 2008 huko Swansea, kusini mwa Wales, halmashauri ilisimamisha kibao cha barabarani chenye lugha mbili. Kwa Kiingereza kilikataza malori makubwa kupita. Chini yake, kwa Kiwelisi, kilisema: sipo ofisini kwa sasa, tuma kazi yoyote ya kutafsiriwa. Ofisi ilikuwa imeomba tafsiri kwa baruapepe, jibu lililojituma lenyewe likarudi, na aliyelipokea akadhani ndiyo tafsiri. Picha ilizunguka dunia, watu wakacheka, kibao kikang'olewa.

Kibao hung'olewa. Sasa chukua kanuni ya serikali iliyotungwa kwa lugha mbili, kila nakala ikiwa na nguvu ileile mbele ya hakimu, halafu nakala moja iruhusu jambo ambalo mwenzake analikataza. Raia atii ipi? Katika Bunge la Wales, liitwalo Senedd, lililoko Cardiff, kazi ya kulikamata kosa hilo mapema imekuwa juu ya Kamati ya Sheria, Haki na Katiba. Katika Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 ilikuwa na wajumbe wanne tu, na ilikutana Jumatatu. Waandishi wa habari ni nadra kuifuatilia. Ila ukizisoma ripoti zake mfululizo, utaona jinsi lugha ya pili, ambayo wengi huiona kama gharama na mapambo, inavyoweza kuwa chombo cha ukaguzi.

Wales ilipata chombo chake cha uwakilishi mwaka 1999. Kura ya maoni ya Machi 2011 ikakipa uwezo wa kutunga sheria kamili katika mambo kama afya, elimu na makazi, na mwaka 2020 kikaitwa rasmi Bunge. Kwa sensa ya 2021 wanaozungumza Kiwelisi ni kama 538,000, yaani asilimia 17.8 ya watu wa miaka mitatu na kuendelea. Lakini sheria haikuuliza wingi wa wasemaji. Sheria ya Serikali ya Wales ya 2006, kifungu cha 156, inasema nakala ya Kiingereza na ya Kiwelisi zihesabiwe kuwa na hadhi sawa kwa kila jambo.

Hilo ni uamuzi mzito kuliko linavyosikika. Kenya, kwa mfano, ilichagua njia nyingine: Katiba ya 2010, ibara ya 120, inasema nakala za sheria zikigongana kwa sababu ya lugha, inayoshinda ni ile iliyotiwa saini na Rais. Ni suluhisho la haraka, na mwanasheria hulala usingizi. Wales imejinyima usingizi huo. Nakala zikigongana, hakuna ya kukimbilia. Hakimu atalazimika kuzisoma zote mbili na kutafuta maana inayozibeba pamoja.

Kilichowafanya watu wa Wales wawe wagumu hivyo kinajulikana. Mwaka 1536, chini ya Mfalme Henry VIII, sheria iliamuru mahakama za Wales ziendeshwe kwa Kiingereza, na asiyekijua asishike ofisi ya umma. Ilichukua hadi 1942 kwa sheria kuanza kulegeza kamba hiyo mahakamani. Na kuna kichekesho cha historia hapa: jina la mfalme huyohuyo limebaki katika lugha ya mabunge ya Uingereza kwa kifungu kinachomruhusu waziri kubadilisha sheria mama kwa kanuni tu, bila mswada. Wanakiita kifungu cha Henry VIII. Kwa hiyo kamati ya Cardiff inapopinga vifungu hivyo, na hupinga mara nyingi, inapambana na mzee yuleyule kwa mara ya pili.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kanuni, au sheria ndogo kama inavyoitwa na kamati ya Bunge la Tanzania yenye kazi inayofanana, hutungwa na waziri kwa mamlaka aliyokasimiwa na sheria mama. Udogo wake ni wa jina. Amri iliyoshusha mwendo wa magari mitaani mwa Wales kutoka maili 30 hadi 20 kwa saa, kuanzia 17 Septemba 2023, haikuwa mswada. Ilikuwa hati ya namna hii, iliyoridhiwa Julai 2022. Ilipoanza kutumika, maombi ya kuipinga yalikusanya saini zaidi ya 460,000 katika nchi yenye watu kama milioni tatu.

Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa, kwa kuwa kanuni za waziri na Kanuni za Kudumu za Bunge ni vitu viwili. Hizi za pili, katika sura ya 21, ndizo zinazowaambia wabunge wa Wales namna ya kuzichunguza zile za kwanza. Kamati ina siku 20 tangu hati iwasilishwe kutoa ripoti yake. Kuna vigezo vya kiufundi: je, waziri amevuka mamlaka yake? Ameyatumia kwa namna isiyotarajiwa? Kanuni inarudi nyuma kugusa yaliyokwisha kutendeka? Uandishi una dosari, au maana inahitaji ufafanuzi? Halafu kuna vigezo vya uzito wa jambo, hasa kama lina umuhimu wa kisiasa au kisheria unaostahili macho ya Bunge zima.

Vigezo viwili katika orodha ya kiufundi ndivyo vinavyoitofautisha Cardiff. Kimoja kinauliza kama maana ya Kiingereza na ya Kiwelisi inatofautiana. Cha pili kinauliza kama hati haikutungwa kwa lugha zote mbili.

Kile cha kwanza kinataka subira ya fundi saa. Chukua viunganishi tu. Kiwelisi husema neu pale tunaposema au. Husema a, au ac mbele ya irabu, pale tunaposema na. Nakala moja ikimtaka mwombaji alete cheti na kitambulisho, na nyingine cheti au kitambulisho, basi aliyeleta kimoja ametimiza sheria na hajaitimiza, saa ileile, dirisha lilelile. Au chukua vitenzi. Caiff humpa waziri ruhusa, rhaid humlazimisha. Kubadilisha moja kwa nyingine ni kuhamisha mzigo kutoka bega hadi bega. Kisha rejea: nakala moja inakupeleka aya ya 3, nyingine aya ya 4. Katika ripoti za kamati, dosari za aina hii ndizo mkate wa kila siku.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni kosa ambalo halifiki kwenye kamati kwa sababu lugha ya pili imelikamata njiani. Tuseme mwandishi wa sheria anataka kudhibiti klabu na mikahawa yenye leseni. Kiingereza hutanguliza sifa: sharti la leseni linakuja kwanza, kisha klabu, kisha mikahawa. Shaka inaangukia mikahawa: je, nayo ni ile yenye leseni tu, au yote? Kiwelisi kwa kawaida huweka sifa nyuma ya nomino, kama sisi. Ukitafsiri neno kwa neno, leseni inakaa karibu na mikahawa, na shaka inahamia kwa klabu. Utata hauwezi kuvushwa kama ulivyo. Mtafsiri hana budi kumrudia mwandishi na kumuuliza alimaanisha nini, na mara nyingine mwandishi anagundua kwamba hakuwa amefikiria. Swali hilo moja, likiulizwa kabla ya waziri kutia saini, linaokoa kesi nzima.

Ufundi una usumbufu wake pia. Kiwelisi hubadilisha mwanzo wa maneno kulingana na kilichotangulia: Cymru, yaani Wales yenyewe, huwa Gymru, Nghymru au Chymru. Sisi ambao jema letu linageuka mwema, njema na chema hatuna haki ya kushangaa, lakini mkaguzi anayetafuta neno kwa kompyuta lazima alitafute kwa sura zake zote. Alfabeti nayo ni yao: Ch ni herufi kamili inayofuata C, Dd inafuata D, Ll inafuata L. Kwa hiyo orodha ya tafsiri za maneno mwanzoni mwa kanuni haiendi kwa mpangilio mmoja katika nakala mbili, na huwezi kuweka kidole kushoto na kingine kulia ukashuka navyo sambamba. Dawa yao ni nyepesi na nzuri: kila neno linalopewa maana hufuatwa na mwenzake wa lugha ya pili ndani ya mabano, ili ndugu wasipoteane. Na kanuni ikirekebisha orodha ya zamani, hueleza penye haja neno jipya liingie wapi katika nakala ya Kiingereza na wapi katika ya Kiwelisi.

Kigezo kingine kinauliza kama hati imetumia lugha ya jinsia moja. Mwandishi wa sheria anayetumia Kiswahili angekipita bila kusimama, kwa kuwa yeye yetu haiulizi kama ni mume au mke.

Siku ya kikao mambo huenda haraka. Hati zisizo na la kuripotiwa hupitishwa kwa mkupuo. Zilizobaki, mwenyekiti humpa mwanasheria wa kamati nafasi ya kueleza dosari moja moja. Mjumbe husema kwa lugha anayotaka, wenzake wakivaa vipokea sauti kusikiliza mkalimani. Serikali hujibu kwa maandishi. Ikiwa hati bado ni rasimu, kosa hurekebishwa kabla ya saini. Ikiwa imeshatiwa saini, dosari ndogo hutolewa karatasi ya masahihisho, na kubwa husubiri kanuni nyingine ya kuirekebisha. Wakati mwingine serikali hukataa, ikisema maana inaeleweka kwa muktadha.

Kamati yenyewe haiwezi kubadilisha hata nukta. Bunge nalo huipokea kanuni nzima au huikataa nzima. Silaha ya kamati, basi, ni kumwaibisha waziri kwa maandishi, mapema kiasi cha kumfanya atengeneze.

Silaha hiyo inategemea muda, na janga la Korona lilionyesha ubutu wake. Kanuni za kwanza za kufunga nchi, hati namba 353 ya mwaka 2020, zilitungwa 26 Machi na kuanza kutumika siku hiyohiyo. Kwa utaratibu wa dharura, Bunge lilikuwa na siku 28 za kuziridhia, bila kuhesabu siku za mapumziko, la sivyo zingekufa. Lakini kanuni hizohizo zilimtaka waziri azipitie upya angalau mara moja kila siku 21. Piga hesabu mwenyewe: waziri angeweza kuzipitia na kuzibadilisha kabla Bunge halijapigia kura toleo la mwanzo. Kamati, wakati huo chini ya Mick Antoniw, iliandika ripoti baada ya ripoti juu ya sheria ambazo tayari zilikuwa zimemfungia mtu ndani. Haikukaa kimya, ilidai serikali ieleze haki zipi za binadamu zimeguswa na kwa nini mashauriano hayakufanyika. Ila ilikuwa kama kukagua tiketi baada ya basi kufika.

Oktoba 2021 mambo yaligeuka. Kanuni za kuwataka watu waonyeshe hati ya Korona kabla ya kuingia kwenye kumbi za starehe na mikusanyiko mikubwa zilipigiwa kura kabla hazijaanza kutumika, nazo zikapita kwa kura 28 dhidi ya 27. Mbunge mmoja wa upinzani, aliyekuwa kwenye mkutano wa chama chake Manchester, alishindwa kuingia kwenye mtandao kupiga kura. Ufundi wote wa sura ya 21, halafu jambo likaamuliwa na intaneti.

Kilichobaki ni kile kigezo cha pili cha lugha, na hapa sifa zangu kwa mfumo huu zinapungua. Zipo kanuni zinazotungwa kwa pamoja kwa ajili ya Wales na sehemu nyingine za Uingereza, na kuwasilishwa Cardiff na London. Hizo huja kwa Kiingereza peke yake. Kamati huripoti kila mara kwamba hati haikutungwa kwa lugha zote mbili. Serikali hujibu kila mara kwamba, kwa kuwa hati inapitia pia Bunge la London, haiwezekani kivitendo kuitunga kwa lugha mbili. Hakuna kinachofuata. Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021, mlima ulikuwa kutafsiri sheria za miaka mingi zilizorundikana kwa Kiingereza. Wales ina rundo kama hilo, na bado kila hati ya pamoja inaongeza jingine juu yake.

Hasara yake si ya heshima ya lugha tu. Kanuni hizo hazina mtafsiri wa kumpigia simu mwandishi na kumuuliza kama leseni ni ya klabu au ya mikahawa. Zinapita na jicho moja. Kamati inaandika sentensi yake ileile, serikali inaandika jibu lake lilelile, na mwenyekiti anauliza kama wajumbe wameridhika kupokea taarifa. Wameridhika. Hati inayofuata.